Ashiki, au Mapendo Yapitayo Kiasi

Katika lugha yetu ya Kiswahili yako maneno mengi ya kutaja mapendo. Sisi wakristo wa Kongo twatumia zaidi neno lenyewe, mapendo, kwa kuwa ndilo tulilofundishwa katika katekisimu: imani, matumaini na mapendo. Neno hili ni la Kibantu, limetoka katika kupenda. Watu wa pwani, wa Zanzibari, Mombasa na Lamu, wanalo pia, lakini wanayo na mengine waliyoyapokea kwa Waarabu: huba, mahaba na ashiki. Huba na mahaba ni ndugu wa shina moja, na maana yao ni kupenda. Ashiki ni wa ukoo mwingine. Huyu hatosheki na kupenda; yeye ni kupenda kwa kupita kiasi, hata moyo ukaungua.

Kiswahili kilifika Maniema na kando ya ziwa Tanganika katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta watu wa pwani wamekwisha kukaa huko, na soko kubwa liko. Maneno ya soko, ya safari na ya amri yalienea upesi. Ashiki, neno la washairi, lilibaki zaidi pwani, na kwetu halisikiki sana. Lakini jambo lenyewe tunalo tele. Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wanalo, wazazi wanalo, na wazee pia hawakuepukana nalo. Jambo lisilo na jina huwa vigumu kulipima. Basi na tulifuate neno hili tangu asili yake, tuone watu wa kale walilielewa namna gani, na Kanisa linatufundisha nini juu yake.

Kwa Kiarabu neno ni ishq, na mtu aliyeshikwa nalo ni ashiq. Mtaalamu mmoja jina lake Ibn Manzur alimaliza mwaka 1290 kamusi kubwa iitwayo Lisan al-Arab. Humo ishq huelezwa kuwa ni mapendo yaliyozidi kiasi. Tena huelezwa kwamba yaweza kuwamo katika mapendo safi na katika mapendo ya uchafu pia. Shikeni maneno hayo mawili, kwa maana tutayarudia: kuzidi ni jambo moja, na uchafu ni jambo lingine.

Wataalamu hao wa Kiarabu waliuliza pia neno limetoka wapi. Wengine walijibu kwamba limetokana na jina la mmea, ashaqa. Mmea huo, wasema, huwa kijani kwanza, halafu hukonda na kuwa wa manjano. Wakasema: mwenye ashiki hunyauka kwa ukali wa tamaa yake, kama mmea huo unavyonyauka ukikatwa. Wengine waliufahamu kuwa mmea utambaao, unaoukumbatia mti na kuukausha.

Watu wa misitu ya Maniema na Kivu hawahitaji kamusi ili waelewe mfano huo. Kuna mti wa jamii ya mkuyu ambao mbegu yake hudondoshwa na ndege penye panda ya mti mwingine. Huota huko juu, mdogo, wa kupendeza. Kisha hushusha mizizi mpaka chini, na mizizi hiyo huuzunguka mti mwenyeji, hukutana, hushikana, hukaza. Ukiutazama kwa mbali waona kama mtu anayemkumbatia rafiki. Baada ya miaka mingi mti wa ndani hufa na kuoza, na yule mgeni husimama peke yake, katikati yake pana tundu tupu. Tundu hilo ni mahali alipokuwa yule aliyekumbatiwa.

Sasa tuwaendee waganga wa kale, kwa sababu wao ndio waliolibeba neno hili mbali kuliko washairi. Galeno, mganga Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, aliandika habari za mwanamke aliyeitiwa kwa sababu hakupata usingizi. Hakuwa na homa, wala hakutaka kusema lililomsumbua. Siku moja mtu akaingia, akataja kwamba ametoka kumtazama Pylades akicheza ngoma katika jumba la michezo. Papo hapo uso wa mwanamke ukabadilika, na Galeno alipomshika kifundo cha mkono akasikia damu inapiga ovyo. Siku zilizofuata akaagiza watajwe wachezaji wengine, na damu ikatulia. Alipotajwa Pylades tena, ikavurugika tena. Hivyo akaujua ugonjwa bila kuambiwa.

Ibn Sina, aliyeishi toka mwaka 980 mpaka 1037, akaifanya njia hiyo kuwa kanuni katika kitabu chake kikubwa cha uganga. Aliiweka ishq kati ya magonjwa yanayofanana na huzuni nzito, akasema ni ugonjwa ambao mtu hujiletea mwenyewe, kwa kuacha mawazo yake yakae mahali pamoja, juu ya sura moja, siku baada ya siku. Mganga amshike mgonjwa mkono, ataje majina, mitaa, kazi na miji, asikilize damu inaruka wapi.

Sasa wasomaji watashangaa kusikia kwamba mtu aliyeleta elimu hii kwa wakristo wa Ulaya alikuwa Mwafrika, tena mtawa. Jina lake Konstantino Mwafrika. Alitoka Afrika ya Kaskazini, na habari za kale zasema ni mtu wa Karthago, karibu na mji wa Tunis wa leo. Katika karne ya 11 alivuka bahari akafika Salerno, Italia, kisha akawa mtawa katika monasteri ya Monte Cassino, ile iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Abate wa wakati ule, Desiderio, baadaye alikuwa Papa kwa jina la Viktori wa III. Chini ya abate huyo Konstantino aliketi akageuza vitabu vya uganga toka Kiarabu kuwa Kilatini.

Kimoja cha vitabu hivyo kiliandikwa katika karne ya 10 na Ibn al-Jazzar, mganga wa mji wa Kairouan, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Jina lake ni Chakula cha Msafiri, na Konstantino akakiita kwa Kilatini Viaticum. Neno hilo wakristo tunalijua vema, kwa kuwa ndilo jina la Komunyo apewayo mtu anayekaribia kufa, yaani posho ya safari ya mwisho. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu, inayohusu magonjwa ya kichwa, imo sura juu ya mapendo yaliyozidi. Dalili zake ni kukosa usingizi, macho kuingia ndani, rangi kuwa ya manjano, na mawazo yasiyotulia. Dawa zake ni divai kidogo, muziki, bustani, maji ya kuoga, na hasa mazungumzo na marafiki.

Tazameni jambo hilo. Mtawa aliyekwisha kuweka nadhiri ya usafi hakuona haya kuandika juu ya ugonjwa huu kwa utulivu. Hakumtukana mgonjwa, hakumcheka. Alimweka mahali pamoja na wenye kuumwa kichwa na wenye kukosa usingizi. Na kwa dawa yake alimtoa peke yake, akamrudisha kati ya watu. Katekista yeyote aliyewahi kuketi na kijana aliyekataliwa na mchumba anajua kwamba ushauri huo wa miaka 900 iliyopita haujachakaa.

Lakini neno lilipofika Ulaya lilipatwa na ajali. Wagiriki waliita mapendo hayo eros. Watu wa Kilatini waliokuwa wakinakili vitabu hawakuwa wote wanajua Kigiriki. Wakaliandika hereos, wakalichanganya na neno lingine la Kigiriki, heros, lenye maana ya shujaa au bwana mkubwa. Mwalimu mmoja, Gerardo wa Berry, alipoeleza kitabu cha Konstantino kwa wanafunzi, alisema ugonjwa huu unaitwa hivyo kwa sababu huwashika zaidi mabwana wakubwa, watu wa mali na raha. Toka hapo kosa la mwandiko likawa sifa. Jambo lililokuwa ugonjwa likavaa nguo za kibwana, na kuumwa kwa mapendo kukawa alama ya mtu wa heshima.

Ndugu zangu, ajali hiyo haikwisha zamani. Mpaka leo nyimbo ngapi zinazopigwa katika miji yetu, kwa Kiswahili na kwa Lingala, zamsifu mtu asiyekula wala kulala kwa ajili ya mwingine, anayesema atakufa akiachwa? Kijana asikia hayo toka utoto, akafikiri kwamba asipougua bado hajapenda. Na msichana akimwona mume mtarajiwa ana akili timamu, hana wivu, anafanya kazi yake na kusali, aona labda huyu hanipendi vya kutosha. Hivyo ugonjwa wageuka kuwa kipimo cha afya.

Maandiko Matakatifu hayadanganyiki hivyo. Someni kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni, mwana wa Daudi, alimpenda Tamari, dada yake kwa baba, hata akakonda na kuugua. Mtakatifu Hieronimo alipofasiri habari hiyo kwa Kilatini, mwishoni mwa karne ya 4, alichagua maneno kwa uangalifu. Hakusema amare, kupenda. Alisema adamare, kupenda kwa kushikwa, akaongeza deperire, ambalo asili yake ni kupotea kabisa, kuangamia kwa ajili ya mtu. Neno lile lile adamare alilitumia kwa Shekemu aliyemnyakua Dina, na kwa mfalme Solomoni aliyewapenda wanawake wengi wa kigeni hata moyo wake ukaiacha njia ya Mungu.

Na mwisho wa Amnoni ulikuwaje? Alimdanganya Tamari kwa kujifanya mgonjwa wa mwili, akamshika kwa nguvu. Alipokwisha kumtenda vibaya, alimchukia, na Maandiko yasema chuki yake ilizidi mapendo aliyokuwa nayo kwanza. Akaamuru afukuzwe na mlango ufungwe. Hapa ndipo penye fundisho. Kama kweli alikuwa amempenda kupita kiasi, mapendo hayo mengi yalikwenda wapi kwa saa moja? Jibu ni kwamba hayakuwa juu ya Tamari. Yalikuwa juu ya Amnoni mwenyewe. Tamari alikuwa mti wa ndani tu.

Maandiko yasimulia pia kuzidi kusiko na uchafu. Yakobo alimpenda Yosefu kuliko watoto wake wote, akamshonea vazi zuri. Hakuna dhambi ya mwili hapo. Ni baba mzee na mtoto wa uzee wake. Lakini vazi lile lilizaa wivu, wivu ukazaa shimo, na shimo likampeleka Yosefu utumwani Misri. Kuhani Eli naye aliwajua wanawe wanavyoharibu sadaka za Bwana, wala hakuwazuia kwa nguvu, na nyumba yake ikaanguka. Wazazi wengi wa siku hizi ni wajukuu wa Eli. Mtoto hakanywi kwa sababu anapendwa, hatumwi kazi kwa sababu anapendwa, na akiiba atetewa mbele ya mwalimu kwa sababu anapendwa. Kiswahili kina neno zuri kwa hayo: kudekeza. Mtoto aliyedekezwa hana mizizi yake mwenyewe.

Juu ya mambo haya hakuna aliyesema kwa maarifa kuliko Mtakatifu Augustino, naye pia Mwafrika. Alizaliwa Tagaste mwaka 354, akaenda kusoma Karthago, mji ule ule ambao baada ya karne nyingi Kardinali Lavigerie aliufufulia kiti cha askofu mkuu mwaka 1884. Mapadri aliowaanzisha Lavigerie ndio waliofika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Mpala, kwetu ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo mashauri ya Augustino yalipotufikia hayakutoka mbali kama tunavyodhani.

Katika Maungamo yake Augustino asimulia juu ya rafiki wa ujana. Walikuwa wa rika moja, walisoma pamoja. Rafiki akashikwa na homa, akabatizwa wakati hana fahamu. Alipozinduka, Augustino akataka kuufanyia ubatizo ule mzaha, lakini mgonjwa akamkemea. Baada ya siku chache homa ikarudi, akafa. Augustino aliumia hata mji wa kwao ukamchukiza, kila njia ikamkumbusha yule asiyekuwapo, akaukimbia akaenda Karthago. Baadaye, alipokuwa askofu, alijichunguza akaona kosa halikuwa kumpenda rafiki. Kosa lilikuwa kumpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa. Alimwekea mwanadamu mzigo ambao mwanadamu hawezi kuubeba, mzigo wa kuwa Mungu wake.

Toka hapo alifundisha kwamba fadhila ni mapendo yenye mpangilio. Kila kitu kipendwe mahali pake: Mungu kwanza, kisha jirani na nafsi yako katika Mungu, kisha vitu vingine kwa kadiri yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza swali lile lile la waganga: je, mapendo humdhuru apendaye? Jibu lake ni hili. Mapendo ya jema linalotufaa hutukamilisha na kutufanya bora. Mapendo ya kitu kisichotufaa hutujeruhi na kututia ubovu.

Basi tumefika mahali pa kuamua. Wako wakristo wanaofikiri Kanisa latuambia tupende kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayetia chumvi. Sivyo. Mume hakosi kwa kumpenda mke sana. Hukosa anapomfunga nyumbani, anapochunguza simu yake usiku, anapompiga kisha kusema ni wivu wa mapendo. Mama hakosi kwa kumpenda mwana sana. Hukosa asipokubali mwana aoe, au mke wa mwana akipata taabu kila siku kwa sababu yake. Kinachozidi hapo ni kushika. Kile tunachokiita mapendo ya kupita kiasi mara nyingi ni mapendo yaliyopungua: yamepungukiwa na heshima, na haki, na Mungu.

Kwa hiyo kipimo si ukali wa moto, bali hali ya yule anayependwa. Uliza: tangu nimpende, yeye amekuwa huru zaidi au amekonda? Anaongea na ndugu zake, au amekatwa nao? Anasali, anafanya kazi, anacheka? Ukimwona anakuwa tundu tupu ndani yako, ujue wewe si rafiki yake, hata ukilia kila usiku kwa ajili yake.

Katika nchi yetu tunaye shahidi wa jambo hili. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alikuwa sista wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, masista walichukuliwa mpaka Isiro. Mkuu mmoja wa waasi alimtaka awe mke wake. Alikataa, kwa kuwa alikwisha kujitoa kwa Kristo. Akapigwa, akachomwa, akapigwa risasi, akafa tarehe 1 Desemba 1964, akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Hapo twaona Amnoni tena: tamaa inayogeuka kuwa kifo mara tu inapokataliwa. Lakini twaona na lingine. Kabla ya kufa Anuarite alimwambia mwuaji kwamba amemsamehe. Na tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa II alipomtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa, alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Kanisa lote.

Ni nani kati ya hao wawili aliyependa kupita kiasi? Yule aliyetaka kushika, au yule aliyesamehe? Kwa Mungu peke yake mapendo hayana mpaka, kwa maana Yeye hawezi kukaushwa na anayemkumbatia, wala hamkaushi amkumbatiaye. Bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora naye augua kwa mapendo, na watakatifu hawakuona haya kuyasoma maneno yake kama sala.

Basi, ninyi vijana mnaojiandaa kwa ndoa, msiogope kupenda, wala msione fahari kuugua. Aliye na mchumba, amwache apumue. Aliyekataliwa, asijifungie chumbani. Arudi kati ya marafiki, afanye kazi, aimbe katika kwaya, aongee na padri. Ninyi wazazi, wapendeni watoto wenu hata muweze kuwakanya. Na sisi tunaofundisha, tukikutana na mtu aliyeshikwa na ugonjwa huu, tusimcheke. Tumshike mkono kwa upole kama Galeno alivyofanya, tumsikilize mpaka tujue damu yake inaruka kwa jina gani, kisha tumsaidie kuliweka jina hilo mahali pake, chini ya Jina moja lililo kuu kuliko yote.